Usitaje Kilichomo Chunguni

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mwadini alipiga mstari kwenye chupa. Aliupiga kwa kalamu nyeusi anayotumia kuandikia sampuli maabara, mstari mfupi ulionyooka, sawa kabisa na kimo cha maji yaliyokuwa ndani. Jumatano asubuhi maji yalikuwa yameupita mstari kwa upana wa vidole viwili.

Hakumwambia mtu. Miaka ishirini na sita ya kupima vyakula vinavyoshushwa bandarini na uwanja wa ndege ilikuwa imemfundisha kwamba kosa la kwanza la kutafutwa ni la mpimaji mwenyewe. Akapiga mstari wa pili, akaandika saa pembeni yake, akairudisha chupa nyuma ya maziwa alikoikuta. Ilikuwa chupa ya kawaida ya sharubati ya machungwa, karatasi yake imebanduliwa, na ndani mna kitu cha rangi ya chai iliyolala. Ilikuwa imekaa ndani ya friji usiku kucha, lakini ilikuwa vuguvugu.

Alipoufunga mlango wa friji, harufu ilibaki jikoni. Ilikuwa harufu ya mvuje, nzito, kama kitunguu kilichooza karibu na kiberiti. Ule mvuje ambao kwao Unguja hufungwa ndani ya kitambaa cheusi na kuvishwa watoto wachanga wasiguswe na kitu. Katika nyumba ile ya ghorofa ya kumi na moja, Lewisham, London, haukuwa umeingia mvuje kwa miaka kumi na moja. Aliutupa mwenyewe, wote, wiki aliyomzika mkewe Ruzuna.

Mama mkwe wake, Bibi Zuwena, alikuwa amefika kutoka Unguja wiki tatu nyuma. Alikuja kumwangalia mjukuu wake Thuweba, binti pekee wa Mwadini, aliyekuwa na mimba ya wiki thelathini na moja. Thuweba alikuwa amerudi kwa baba yake kwa muda, kwa sababu mumewe Harith anaendesha lori la mizigo hadi Scotland na harudi ila Jumapili. Bibi Zuwena alipoteremka kwenye ndege alikuwa na sanduku moja la nguo na furushi moja alilokataa kumpa mtu alibebe.

"Mama, hii iliyomo kwenye friji ni nini?" Mwadini alimuuliza.

"Ya mtoto."

"Ya mtoto, lakini ni nini?"

"Dawa." Bibi alikuwa akichambua mchele kwenye sinia, miwani imemshukia puani. "Na usinitazame hivyo. Kazi yako kupima, najua. Jana nilikuona unauonja mchuzi wangu kwa ncha ya ulimi kama paka."

"Mchuzi ulikuwa mzuri."

"Basi kula, usipime."

Mwadini hakucheka. "Nauliza kilichomo, Mama."

Mikono ya bibi ilisimama juu ya mchele. "Dawa hii haitajwi," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Unajua haitajwi. Ulijua tangu zama za marehemu."

Alijua. Kila mwanamume aliyeoa katika ukoo ule huambiwa mara moja tu, kabla ya mtoto wa kwanza. Zamani, bibi wa bibi yake Zuwena alizika watoto saba, na alipopata mimba ya nane akaenda kwa mtu, na mtu yule akamwitia kitu. Ukoo unakiita Mwenye Chungu. Agano lilikuwa rahisi: Mwenye Chungu atapika, wajawazito watakunywa kijiko kimoja alfajiri na kimoja alasiri, kijiko cha mwisho atamwagiwa yeye, na hakuna atakayesema mbele ya mtu yeyote ni nini kilichomo chunguni. Akitajiwa chakula chake, huondoka na mtoto. Kwa hiyo wanawake wa ukoo ule wamezaa Unguja, wamezaa Muskat, wamezaa London, na kila walipoulizwa na mkunga kama wametumia dawa za kienyeji, walijibu hapana. Hawakulihesabu neno lile kuwa uongo. Ilikuwa adabu.

*

Mchana wa Jumatano Mwadini aliwapeleka kliniki. Mkunga aliitwa Jedidah, Mkenya wa makamo kutoka Meru, anayevaa soksi za rangi tofauti kila siku na kuwaita wajawazito wote *mum*, hata wale waliomzidi umri.

"*Mum*, leo uko aje? Huyu kijana anakupiga mateke?"

"Usiku ndiyo anacheza," Thuweba alisema. Alizaliwa London na Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, lakini kwa Jedidah alijitahidi.

"Sawa. Pressure imepanda kidogo. Na unasema tumbo linakaza?" Jedidah aliacha kuandika. "Nikuulize kitu, na hapa hakuna kesi. Kuna dawa yoyote unakunywa? Ya duka, ya kienyeji, ya shosho wako hapa, yoyote?"

Bibi Zuwena alimshika mjukuu wake kifundo cha mkono.

"Hapana," Thuweba alisema.

Mwadini alifungua kinywa. Ndipo naye akahisi mkono umemshika. Ulikuwa mkono mkavu wenye joto la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, vidole vitano vikikizunguka kifundo chake, kidole gumba kimelala juu ya mshipa. Naye bibi alikuwa ng'ambo ya chumba, mikono yake yote miwili inaonekana. Alitazama chini. Mkono wa shati lake, karibu na kifundo, ulikuwa umebonyea mahali patano. Harufu ya mvuje ilimpanda puani.

Aliutambua mkono ule. Miaka kumi na moja iliyopita, katika wodi ya hospitali, Ruzuna akiwa na mimba ya pili na damu haikatiki, daktari kijana alimgeukia akamuuliza swali hilihili. Alikumbuka alivyoshikwa. Siku zote alijiambia aliyemshika alikuwa mama mkwe wake. Akajibu hapana, yeye, mtu anayelipwa kusema kilichomo ndani ya vitu. Saa mbili baadaye Ruzuna alifariki, na mtoto naye. Hakuna aliyewahi kumwambia ni dawa iliyomuua, na hakuna aliyewahi kumwambia siyo. Hakuna aliyejua, kwa sababu aliyeulizwa hakusema.

Sasa alifunga kinywa tena. Mkono ukamwachia, taratibu, kama mtu aliyeridhika.

Jedidah aliwatazama wote watatu. "Tangawizi kwenye chai sina shida nayo," alisema. "Dawa za kienyeji si zote mbaya, na mimi sisemi hivyo. Lakini ile sijui ni nini siwezi kuambia mtu ni salama. Nitakuwa hapa mpaka Ijumaa."

*

Walipofika nyumbani ilikuwa saa kumi na kiza kimeshaingia, kama kawaida ya London mwezi wa Desemba. Mwadini alikwenda moja kwa moja kwenye friji. Alijaza kichupa cha sampuli akakitia mfukoni, na kilichobaki akakimwaga chote ndani ya sinki mbele ya mama mkwe wake, maji ya bomba yakikimbia.

"Umefanya nini?" Bibi alinong'ona. "Baba Thuweba, umefanya nini?"

"Nimemwaga."

"Ruzuna hakuimaliza yake! Vilibaki vijiko tisa. Tisa, nilivihesabu mwenyewe. Ndiyo sababu alichukuliwa." Machozi yalimlenga. "Unadhani mimi sikuzika mtu? Yule alikuwa mwanangu kabla hajawa mkeo."

 Ndipo wote wawili wakasikia mtwango.

Tu. Tu. Tu. Haukutoka juu wala chini, ulitoka ndani ya ukuta wa jiko, nyuma ya friji, mtwango wa mchi mzito ndani ya kinu cha mti, polepole, wa mtu asiye na haraka aliyekwisha kupika chakula hikihiki mara nyingi; na nyumba ile haikuwa na kinu, na nyuma ya ukuta ule hapakuwa na jirani wala ngazi, palikuwa na hewa tupu na mvua, mita thelathini na tano hadi chini. Vikombe vililia kwenye kabati. Kisha kimya, kisha sauti ya kitu kikipepetwa, kisha, karibu zaidi, ndani ya nyumba sasa, upande wa bafuni, sauti ya mwanamke akinong'ona.

Mwadini alikwenda. Thuweba alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango wa bafu uliofungwa, shavu lake limegusa mbao, mikono imelikumbatia tumbo, na alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtoto anayepewa maagizo ya dukani. Taa ya bafuni haikuwa imewashwa. Chini ya mlango, pale penye upenyo, palikuwa na kivuli cha nyayo mbili zilizosimama, na nyayo zile zilikuwa zimeelekea ukutani, si mlangoni.

"Thuweba, unaongea na nani?"

Alijibu kwa Kiingereza, bila kugeuka. "Na Mama."

"Ondoka hapo."

"Anasema hakuimaliza. Anasema niimalize mimi." Kisha kwa Kiswahili, taratibu, kama anayerudia neno la mwingine: "Ananiomba, Baba. Anauliza, 'Nimebakishiwa?'"

Nyuma ya mlango mnong'ono uliendelea, laini, wenye huruma, na ilikuwa kweli sauti ya Ruzuna, ule mkwaruzo mdogo kwenye herufi ya mwisho, ile pumzi kabla ya jina. Na kwa kitambo kifupi Mwadini, ambaye angetoa chochote alicho nacho kuisikia sauti ile ikisema hata jina la kituo cha basi, aliinamisha kichwa ili asikie vizuri zaidi. Alisimama hivyo. Halafu akanyoosha mgongo.

"Mama yako," alimwambia binti yake, "hakuwahi kunong'ona maishani mwake. Alikuwa akiniita kutoka jikoni majirani wa ghorofa ya tisa wakaitika. Kama alitaka kitu alipiga kelele. Unakumbuka?"

Thuweba alimtazama. Polepole, kitu kilirudi machoni mwake.

"Alikuwa anakuita 'We Mwadini we!'" alisema.

"Basi huyo si yeye." Mwadini aliupiga mlango kwa kiganja, mara moja. "Na wewe uliyemo humo, sauti ya mke wangu uliyoiba itakuunguza kinywa."

Mnong'ono ulikatika. Walipofungua mlango, bafu lilikuwa tupu, lakini kioo kilikuwa kimeingia mvuke, na katikati ya mvuke palikuwa na alama ya kidole kimoja, kama cha mtu aliyeonja.

Asubuhi ya Alhamisi chupa ilikuwa nyuma ya maziwa, imejaa hadi shingoni. Mistari miwili ya kalamu sasa ilikuwa upande wa ndani wa chupa.

*

Maabara, Mwadini alimpa kichupa Hemal, mwenzake wa meza ya jirani, Mhindi wa Kisumu ambaye wazazi wake waliuza vitambaa na yeye akakataa kuuza chochote. Hemal alifungua kizibo akarudi nyuma hatua mbili.

"Bwana Mwadini! Hii ni ya kunywa ama ya kung'oa rangi ya gari?"

"Anakunywa binti yangu. Ni mjamzito."

Utani ulimtoka Hemal usoni. "Nipe mpaka kesho," alisema. "Mvuje nakupa sasa hivi bila mashine. Bibi yangu alikuwa anautia kwenye dengu, kiasi cha punje ya mchele. Humu umetiwa kwa kijiko."

Jioni alikuja Sheikh Abdulsamad. Bibi Zuwena ndiye aliyemwita, kwa kupitia wanawake wa msikitini. Alikuwa msomaji anayejulikana, mtu wa Mombasa, na mchana alipakia mizigo uwanja wa ndege. Alikuja kwa treni kutoka Hounslow akiwa bado na koti lake la manjano linalong'aa, akalivua mlangoni, akasimama akinusa.

"Mpo wangapi humu?" aliuliza.

"Watatu," Mwadini alisema.

"Mimi nahesabu wanne." Aliketi karibu na mlango. Alisoma kwa muda mrefu, kwa sauti isiyo na mbwembwe, na mtwango ulioanza ukutani alipoanza kusoma ulipungua, ukawa mbali, lakini haukukoma. Mwishowe aliufunga msahafu akajifuta jasho.

"Sheikh, mwambie," Bibi Zuwena alimsihi. "Mwambie amwache mtoto anywe. Kuna agano."

"Mama yangu, mimi sijaona agano. Nimemuona anayekula asiyetaka kujulikana anakula nini." Alimgeukia Mwadini. "Niwaambie kweli. Kusoma nimesoma, na nitaendelea kusoma. Lakini mgeni wa namna hii hatolewi kabla hajajulikana. Mimi kila ninapoitwa, swali langu la kwanza ni jina: nani wewe? Hujificha hapo. Huyu wenu amejificha ndani ya chungu. Nanyi mmemsaidia, vizazi na vizazi, kwa kunyamaza."

"Na mimba?"

"Mimba ina mkunga wake. Mimi nitie mkono gani hapo? Nenda kwa mkunga." Alivaa koti lake la manjano. Mlangoni alishika mkono wa Mwadini akautazama; kifundoni palikuwa na alama tano nyekundu kama za kuungua. "Atakuja kukuzuia," alisema kwa upole. "Amekuzoea."

*

Ijumaa, saa tisa na nusu, Hemal alikuja na karatasi. Alikuwa ameandika vitu vinne kwa mkono wake.

"Mvuje. Shubiri, nyingi sana. Uwatu. Na hayo mafuta yanayoelea juu ni ya nyonyo. Mwadini, hii shubiri na mafuta ya nyonyo mwenye mimba hapewi hivi. Yanaendesha tumbo, na yanaweza kukaza na mji wa mimba. Na kuna kitu cha tano, mzizi, umechemshwa mpaka umepoteza sura. Huo siwezi kuuapia."

Simu ya Mwadini ililia. Alikuwa Bibi Zuwena, na nyuma yake Thuweba akipiga kelele.

Alipofika hospitali kiza kilikuwa tayari kimeanguka na mvua inapiga vioo. Thuweba alikuwa kitandani, amelala ubavu, mikanda ya mashine imezungushwa tumboni, na mapigo ya moyo wa mtoto yanasikika chumba kizima, yakikimbia, yakijikwaa, yakikimbia tena. Alikuwa amekunywa. Alasiri ile sauti ilirudi, na safari hii ilikuwa ikilia. Hakunywa kijiko, alikunywa nusu chupa.

Daktari aliitwa Jaspreet, mwanamke mwenye sauti tulivu na macho yaliyochoka. Jedidah alikuwa amesimama pembeni yake, soksi moja ya zambarau, moja ya kijani.

"Uchungu umeanza wiki tisa kabla ya wakati," Jedidah alimwambia Mwadini. "Daktari anataka kuuzuia. Lakini anaharisha sana, na pressure inacheza, na hatujui ni nini iko ndani yake. Baba, nakuuliza wewe sasa. Amekunywa nini?"

Taa ya juu ya kitanda ilififia. Mvuje ulijaa chumba, ule ule, mzito, na daktari aliziba pua na kutazama huku na huku. Na kwenye kiti cha mgeni kilichokuwa pembeni, kiti ambacho sekunde moja kabla kilikuwa kitupu, Mwadini aliona mgongo wa mwanamke aliyeketi akielekea ukutani, amejitanda kanga iliyofifia rangi, mabega yakipanda na kushuka taratibu kwa mdundo ule, tu, tu, tu, ambao sasa haukutoka ukutani bali uliingia katikati ya mapigo ya moyo wa mtoto, pigo la moyo, pigo la mchi, pigo la moyo, pigo la mchi, na kila mchi ulipoanguka moyo ulikosa mara moja. Na mkono ule mkavu wa moto ulimshika kifundo, vidole vyote vitano, ukambana hadi mfupa, na sauti ya Ruzuna ikamwambia sikioni, kwa upole kabisa, *Sema hapana, mume wangu. Si ulisema? Ni neno dogo.*

Alimtazama mama mkwe wake. Bibi Zuwena alikuwa amejibana ukutani, mtandio kinywani, akitikisa kichwa.

"Miaka kumi na moja iliyopita," Mwadini alisema, na kila neno lilitoka kama jiwe, "niliulizwa swali hili. Nikasema hapana. Nilisema uongo. Leo nitajibu." Akavuta pumzi. "Mvuje."

Kidole kimoja kilifunguka kwenye kifundo chake. Kiliachia kwa mlio, kama kijiti kikavu kinapovunjika. Mwanamke wa kitini aliacha kutikisa mabega.

"Shubiri. Nyingi."

Kidole cha pili. Jedidah alikuwa akiandika haraka, akimtafsiria daktari bila kuinua kichwa.

"Uwatu."

Kidole cha tatu. Kile kilichoketi kitini kilianza kugeuka. Kiligeuka kwa mgongo mzima bila miguu kusogea, na Mwadini hakukitazama usoni. Aliitazama karatasi ya Hemal iliyokuwa mkononi mwake, akausoma mstari wa nne kwa sauti kubwa kama ya mtu anayemwita mwenziwe kutoka ghorofa nyingine. "Mafuta ya nyonyo!"

Kidole cha nne. Kilibaki kidole gumba, juu ya mshipa, nacho kiliongeza nguvu peke yake hadi macho yakamwingia giza.

"Kuna cha tano," alisema. "Ni mzizi. Siujui. Mama, taja."

"Siwezi," Bibi Zuwena alilia. "Nikitaja ataondoka na mtoto."

"Kwa Ruzuna hukutaja. Akamwacha?"

 Moyo wa mtoto ulijikwaa, ukakaa, ukakaa zaidi. Daktari Jaspreet aliinama juu ya mashine.

"Mimi sijui ni nini kilichomuua, Mama," Mwadini alisema, na sasa sauti yake ilivunjika kwa mara ya kwanza. "Wewe unasema vijiko tisa vilivyobaki, mimi nasema vile alivyokunywa. Hatujui. Hatutajua kamwe, kwa sababu tulinyamaza, wewe na mimi, tumesimama hivihivi. Nimechoka kutojua. Taja."

Kitandani, Thuweba aliinua kichwa. Jasho limemlowesha nywele. "Bibi," alisema. "Tafadhali, Bibi."

Mwanamke mzee aliutoa mtandio kinywani. Kitu kilikuwa kimemshika koo, kwa sababu alifungua kinywa mara mbili na hakikutoka kitu ila upepo wenye harufu. Mara ya tatu aliipiga sakafu kwa mguu, kama anayemfukuza mbuzi jikoni.

"Mlonge!" alipiga kelele. "Mzizi wa mlonge, si majani, majani watu wanakula, mzizi! Na ganda lake! Mama yangu aliutia, na mama yake aliutia, na mimi nikautia kwa mwanangu kwa mikono yangu hii! Haya, nimetaja! Njoo unichukue mimi, mla watu wee!"

Kiti kilianguka. Hakuna aliyekigusa; kilipinduka nyuma na kupiga sakafu, na kile kilichokuwa juu yake kilimwagika chini kama machicha ya dawa, rundo la mizizi na maganda meusi, kisha unyevu tu, kisha hakuna. Kidole gumba kiliachia. Moyo wa mtoto ulipiga, mara moja, mara mbili, ukashika njia yake.

"Naona kiti kimeanguka," daktari Jaspreet alisema polepole kwa Kiingereza.  Aliichukua karatasi ya Jedidah, akaisoma, akaanza kutoa maagizo, moja baada ya jingine, kama mtu aliyewashiwa taa.

Bibi Zuwena alikiinua kiti, akakikalia, akaushika mguu wa mjukuu wake. Jedidah alimwekea mkono begani. "Shosho," alimwambia, "umefanya kazi ya mkunga leo."

"Sikufanya mapema," bibi alijibu.

*

Uchungu ulizuiwa. Mtoto alizaliwa mwisho wa Januari, wa kike, akiwa na sauti iliyowafanya wauguzi wa zamu mbili waje kumtazama mwenye kupiga kelele. Chupa, Mwadini alirudi kuitafuta akaikuta kavu nyuma ya maziwa, mistari yake miwili ikiwa nje tena. Furushi lilipelekwa kwa Jedidah, na Bibi Zuwena alikwenda nalo mwenyewe, akamtajia kila kilichomo kimoja kimoja, na kipimo chake.

Mwezi wa tatu, mchana wa jua jembamba, Mwadini alikaa ukumbini kliniki akimsubiri binti yake, mjukuu amelala kifuani mwake. Watu walikuwa wachache. Mkabala naye waliketi kijana na mkewe mjamzito, na mwanamke mzee mwenye chupa ya chai mapajani. Walizungumza lugha asiyoijua, ya mbali kabisa na Unguja. Kati ya kijana na ukuta palikuwa na kiti kimoja kitupu.

Harufu ilimfikia kabla hajajua anachonusa. Haikuwa ya mvuje. Ilikuwa ya mzizi mwingine, wa nchi nyingine, lakini joto lilikuwa lilelile, la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Mto wa kile kiti kitupu ulikuwa umebonyea. Na mkono wa sweta ya yule kijana, karibu na kifundo, ulikuwa umebonyea mahali patano.

Mlango ulifunguka na Jedidah akaliita jina la yule mwanamke. Kijana alianza kuinuka, uso wake umeshatulia kwenye jibu dogo alilolibeba.

Mwadini alisimama. Alimhamishia mjukuu bega la kushoto, akavuka ukumbi, akaenda moja kwa moja hadi kile kiti, akakikalia. Chini yake kitu kilijikunja na kuwa cha moto, kikamuunguza kwenye nguo. Hakuinuka. Mtoto aliamka akaanza kulia kwa sauti yake yote, na Mwadini hakumnyamazisha.

"Samahani, kijana," alisema kwa Kiingereza. "Naitwa Mwadini. Mke wangu aliitwa Ruzuna. Kabla hujaingia humo, kaa kidogo nikwambie kilichokuwamo chunguni mwetu."